Muulize Somo: Nilimkanda nyayo, akaacha vidonge vyake

BARUA

Asalaam aleykum Somo, na shikamoo.

Nakuandikia watoto wameshalala, tena kwa mkono wa kushoto, maana wa kulia nimeutia kwenye beseni la maji ya moto. Dole gumba linaniuma mpaka kwenye kiwiko cha mkono, na usiku vidole vinakufa ganzi.

Mimi ni mke wa mtu, miaka 31, nakaa Jambiani, Unguja. Huu mwaka wa sita nafanya kazi spa ya hoteli moja ya ufukweni huku kwetu. Nilianza kwa kufua mataulo. Akaja mgeni mmoja, bibi wa makamo, kazi yake kwao ni refleksolojia, yaani kukanda nyayo kwa kubonyeza sehemu maalumu. Alikaa wiki tatu, akatufundisha wasichana watatu, akatuachia karatasi yenye muhuri na ramani ya nyayo ya rangi: hapa kichwa, hapa mapafu, hapa figo, hapa kongosho. Wenzangu waliacha. Mimi mkono ulikubali, labda kwa sababu bibi yangu mzaa mama alikuwa mkandaji wa wazazi, yaani wanawake waliotoka kujifungua, na nilikuwa nikimshikia kibakuli cha mafuta ya nazi tangu sijaanza skuli.

Kazi naipenda, Somo. Mtu anaingia na maneno mengi, simu haimtoki mkononi, nikifika katikati ya unyayo wa pili kashalala. Hoteli inamtoza dola 45 kwa saa. Mimi mshahara wangu laki tatu na nusu kwa mwezi, na bakshishi nikijaaliwa. Mwezi wa saba na wa nane nakanda watu saba, wanane kwa siku. Ikifika masika hoteli inafunga, nakaa nyumbani bila ya senti. Ndipo nilipopata wazo la kukodi chumba, hapa au mjini, nifanye changu. Hata wanawake wa kwetu wameanza kuniita majumbani kwao, elfu kumi na tano, elfu ishirini.

Lakini kaka yangu, ambaye ndiye baba kwetu tangu marehemu atutoke, hataki kusikia. Anasema hotelini angalau kuna sare na mshahara, ila nikijifungulia changu nitakuwa nashika miguu ya watu kama mtumwa, na watu watasema ni yale massaji mengine. Sikumwambia kwamba hata hotelini yalishanikuta: mgeni wa kiume aliniuliza kama kuna "ziada", nikatoka chumbani, na msimamizi wangu akacheka.

Hilo la kaka ningelivumilia. Linaloninyima usingizi ni jengine. Jirani yangu, mama mtu mzima aliyenilea kama mwanawe, ana sukari. Nilikuwa nikimkanda kila Ijumaa bure, na nikifika pale penye kongosho namwambia, "Hapa ndipo sukari inapoanzia, tukipafungua mwili utajitengeneza wenyewe." Ndivyo nilivyofundishwa. Wiki iliyopita akanieleza kwa furaha kwamba ana mwezi wa pili hajanywa vidonge, kwa sababu mikono yangu inamtosha. Akanibusu viganja. Na Ijumaa hiyohiyo niliona kidonda chini ya kidole kidogo cha mguu wake, mwenyewe hana habari nacho. Nikanyamaza.

Somo, nimwambie nini bila ya kumvunja moyo na bila ya kujiharibia jina kabla sijaanza? Na hii ni kazi kweli, au ni mchezo tu niliofundishwa na mgeni?

Mshika Nyayo, Jambiani

JIBU LA SOMO

Waaleykum salaam mwanangu, na marahaba.

Weka simu chini uende kwa huyo mama. Ukisoma haya asubuhi, nenda asubuhi. Ukiyasoma usiku, bisha hodi. Mengine yote ya barua yako yanaweza kungoja. Mtu wa sukari aliyekaa wiki kadhaa bila ya dawa, na ana kidonda cha unyayo asichokisikia, anatakiwa aonwe na daktari leo. Spitali ya Makunduchi si mbali na kwenu, na wakimwandikia aende spitali ya Mnazi Mmoja mjini, fuatana naye. Kidonda hicho hakimuumi kwa sababu sukari iliyozidi kwa miaka inaharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, na damu inayofika huko inapungua. Ndiyo maana mtu wa sukari anaweza kukanyaga msumari akaingia nao mpaka chumbani. Vidonda vya namna hii ndivyo vinavyokatisha watu miguu. Na ukimkuta ana kiu isiyokatika, anakojoa kila mara, anatapika au pumzi zinamwenda mbio, msingoje daladala ya asubuhi.

Ukifika, usizungushe maneno. Mwambie: "Mama, nilikwambia jambo nisilolijua. Mikono yangu inakupumzisha, sukari haiitibu. Niwie radhi. Vaa tuende spitali." Na vidonge asivirudie kwa kujikadiria mwenyewe, ataambiwa huko aanzie wapi. Unaogopa kumvunja moyo. Moyo wake utavunjika siku mbili tatu kisha utaungika, anakupenda huyo. Mguu hauungiki. Ama jina lako, mimi nimeishi vijijini kiasi cha kujua: mkandaji aliyesema "nilikosea" na akampeleka mtu spitali kwa nauli yake, ataitwa tena. Aliyenyamaza, na watu wakaja kujua kwamba alikiona kidonda, hatoitwa hata kukanda mbuzi.

Umeshakwenda? Basi kaa, tuizungumze hiyo ramani.

Pengine ulielezwa kwamba elimu hii ni ya tangu Mafirauni. Lipo kweli kaburi kule Saqqara, Misri, la mtu aliyeitwa Ankhmahor, lina zaidi ya miaka 4,000, na ukutani wamechorwa watu wakishughulikiwa mikono na miguu. Kongosho halimo katika ukuta ule. Ramani yako wewe ni ya juzi. Mwanzoni mwa karne ya 20 daktari mmoja Mmarekani wa masikio, pua na koo, William Fitzgerald, aliugawa mwili mafungu 10 kutoka kichwani mpaka vidoleni, akasema ukibana mahali pamoja katika fungu, mahali pengine pa fungu hilohilo panapata nafuu. Miaka ya 1930 akatokea Eunice Ingham, Mmarekani pia, mtu wa tiba ya viungo, akalihamishia wazo hilo kwenye nyayo na kuchora michoro ambayo hiyo ya kwako ni mjukuu wake. Na michoro yenyewe haikubaliani. Chukua ya walimu wawili uiweke pamoja, utaona kiungo kimoja kimehama mahali. Msahafu haumo katika mambo haya, wangu. Ni karatasi tu.

Watu wameipima pia. Mwaka 2009 Profesa Edzard Ernst wa Chuo Kikuu cha Exeter, Uingereza, alikusanya majaribio 18 yaliyowahi kufanywa juu ya refleksolojia, akayapitia, akaona ushahidi ulio bora hautoshi kusema kwamba inatibu ugonjwa wowote. Sidhani kama yule bibi wa makamo alikudanganya kwa makusudi. Alikupa alichopewa. Ila wewe umeshaona kinakofikisha, kwa hivyo sentensi ile ya "tukipafungua" itoke kinywani mwako leo na isirudi.

Sasa uliniuliza kama ni kazi kweli. Ni kazi, tena nzuri. Mguu mmoja una mifupa 26, na juu ya mifupa hiyo kuna mwanamke aliyesimama tangu alfajiri mbele ya jiko, au aliyeshinda kwenye maji ya mwani pale pwani kwenu na mgongo umepinda. Umkalishe, umwondolee simu, umshike nyayo kwa saa nzima bila ya kumtaka chochote. Wengi wao tangu waolewe hakuna aliyewafanyia hivyo. Huko Uingereza baadhi ya spitali na nyumba za kuwatunza wagonjwa wa saratani wanawapa wagonjwa huduma hii, na saratani inaendelea kutibiwa na madaktari; ya nyayo ni ya kupunguza wasiwasi, mtu apate kupumua. Ulivyoandika mwenyewe kwamba mteja analala kwenye unyayo wa pili, hapo ndipo ulipoitaja bidhaa yako. Iuze hiyo. Kibao chako kisomeke "Kukanda nyayo, saa moja", na bei chini yake. Mimi nikiona kibao cha presha, sukari, uzazi, nguvu za kiume na mitihani ya skuli, vyote kwa mkono mmoja, navuka njia.

Na mteja akikuuliza, "Utaniponya mgongo?" mjibu utampumzisha, na kama mgongo unaendelea aende akapigwe picha. Atakuja tena. Watu hawarudi kwa ahadi, wanarudi kwa mkono.

Ukiwa na chumba chako huna tena msimamizi wala fomu ya hoteli, kwa hivyo weka daftari lako. Kabla hujamgusa mtu muulize sukari, presha, mimba, dawa za kuyeyusha damu, ajali au upasuaji wa karibuni. Kisha tazama. Washa tochi uangalie unyayo, kisigino na kati ya vidole. Kidonda, usaha, wekundu wa moto, kiungo kilichovimba ghafla, hapo hukandi. Mwenye sukari ambaye daktari wake ameridhia, mkande kwa mkono mwepesi, na maji ya kuoshea yajaribu kwa kiwiko chako wewe, yeye anaweza asisikie kwamba yanaunguza. Mwenye mimba changa mwache, aliyekwisha kukua tumbo aje na neno la mkunga wake.

Liko moja nataka ulishike kuliko yote, kwa sababu ya pahala unapokaa. Wageni wako wameshuka kwenye ndege za mwendo wa saa nane, saa kumi, miguu imening'inia. Wazazi aliokuwa akiwakanda bibi yako wamelala siku nyingi baada ya kujifungua. Watu wa aina zote mbili wako karibu na hatari ya damu kuganda ndani ya mshipa mkubwa wa mguu. Ukiona muundi mmoja umevimba kuliko mwenzake, una joto, una maumivu ukiguswa, usiuguse hata kwa mafuta. Donge likibanduka linakwenda mapafuni, na mtu hufa nalo. Mwambie aende spitali sasa hivi, na kama ni mgeni, waite mapokezi. Watakukasirikia kwa dola 45 zilizopotea. Wakasirike.

Kaka yako. Mwambie hivi kwa adabu, tena mbele ya wazee: sisi tunaanza siku kwa shikamoo, na wazee wanatwambia neno hilo asili yake ni "nashika miguu yako". Yeye mwenyewe ameshika miguu ya watu wangapi leo kabla ya saa nne? Na bibi yenu, aliyekanda wazazi na watu wakamheshimu mpaka kaburini, alikuwa mtumwa wa nani? Akishacheka, na atacheka, sikiliza na hofu yake, kwa sababu haikosi msingi. Massaji ina jina baya, na yule mgeni wa "ziada" ni ushahidi. Uzuri wa kazi yako ni kwamba mteja havui kitu ila viatu. Anakaa kwenye kiti, wewe uko kwenye kigoda mbele yake. Chumba chako kiwe cha wanawake tu. Ukitaka kuchukua na wageni wanaume, iwe barazani, mlango wazi, na mtu wa pili yupo. Mpe kaka kazi ya kutengeneza hicho kigoda. Mtu haipigi vita nyumba aliyoipigilia misumari. Na yule msimamizi aliyecheka, mwandikie mkuu wake barua yenye tarehe, ubaki na nakala.

Nimelichelewesha dole gumba na lenyewe ndilo mtaji. Kinyozi hajinyoi, na nyinyi wakandaji ni vivyo hivyo. Watu wanane kwa siku, kila mmoja saa nzima, na mbonyezo wote unatoka kwenye kiungo kimoja kidogo: kwa miaka 31 umeshalitumia la mtu wa 60. Vidole kufa ganzi usiku, khasa gumba, cha shahada na cha kati, mara nyingi ni mshipa wa fahamu unaobanwa pale kwenye kifundo cha mkono unapopita kwenda kiganjani. Kaonane na mtu wa tiba ya viungo kabla mkono haujaanza kudondosha vikombe. Beseni la maji ya moto linatuliza tu. Kikazi, badilisha ukaaji: miguu ya mteja ije usawa wa kifua chako, uzito wa mwili ndio usukume, dole libaki limenyooka bila ya kuvunjika nyuma. Kisigino kikande kwa kifundo cha kidole au kwa kijiti laini cha mti kilichosuguliwa, gumba lihifadhi kwa sehemu ndogo. Na watu wanne kwa siku, basi. Hotelini huwezi kuwaambia hivyo. Hiyo peke yake ni sababu ya kutaka chako.

Tuhesabu basi. Watu wanne kwa siku, siku tano, ni 20 kwa wiki, kama 80 kwa mwezi. Kwa elfu kumi na tano, hiyo ni milioni moja na laki mbili. Usizitie mfukoni. Miezi ya mwanzo shukuru ukipata nusu, laki sita, na humo mna umeme, mafuta, sabuni, mataulo na kodi, na wenye nyumba wa mjini watakutaka ya miezi sita kwa mpigo. Kwa hivyo kazi usiache leo. Unayo masika. Hoteli inafunga, wewe uko nyumbani: fungua chumba cha mbele kwako hapohapo Jambiani bila ya kodi, miezi miwili, uandike kila shilingi. Ukimaliza masika na daftari linasema ndiyo, hapo zungumza na mumeo habari za mjini. Mimi kwa maoni yangu usiende mjini kabisa, lakini hilo ni langu, sipendi foleni za mjini.

Na usingoje wageni peke yao. Wateja wa kwetu wana msimu wao, unaanza mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, harusi zinapofululiza. Biharusi anasingwa, anapakwa hina na piko, na nyayo zake ndizo zinazotazamwa na ukumbi mzima. Ingia hapo. Zungumza na somo wake, yaani kungwi wake, na mpakaji wa hina. Ila mkande siku moja kabla, na miguu ioshwe kwa sabuni, kwa sababu hina haikolei kwenye ngozi yenye mafuta, na lawama zitakurudia wewe. Mafuta ya nazi yanatosha. Ukitaka harufu ya karafuu, matone machache sana ndani ya kikombe kizima, yale makali yanaunguza ngozi.

Karatasi yenye muhuri ya wiki tatu iweke kabatini. Zanzibar tuna Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala chini ya Wizara ya Afya. Nenda kawaulize, kabla hujapaka rangi ukuta, huduma yako wanaihesabu tiba au urembo, na wanataka usajili gani. Jina la biashara linasajiliwa BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali, na kodi ni ZRA, mamlaka ya mapato ya Zanzibar. Na tafuta mafunzo zaidi, lakini usitafute ramani nyengine. Kajifunze mwili: mifupa, mishipa, ngozi, sukari inafanya nini, huduma ya kwanza. Muombe muuguzi wa kituo cha afya cha kwenu akuonyeshe namna wanavyopima ganzi kwenye unyayo. Nusu saa hiyo ina faida kuliko zile wiki tatu.

Ijumaa ijayo, hata kama daktari hajaruhusu akandwe, nenda kwa mama yako wakati uleule. Chukua kahawa. Kisha niandikie alisemaje, na dole hilo lisiguse unyayo wa mtu mpaka lionwe.

Somo